Mzizi Uliokutana na Jiwe

Mayu,

Ni mimi, mama, Kabula wako. Nimekaa kwenye baraza ya wodi ya watoto hapa Bariadi, mgongo ukutani, karatasi juu ya goti. Dada Minza yuko ndani na mtoto. Wameniambia nipumzike, lakini nikifumba macho naona vitu nisivyotaka kuviona. Kwa hiyo nimemwomba nesi karatasi, nikuandikie. Nisamehe mwandiko.

Naogopa, Mayu. Nimeanza na hilo ili usije ukasoma mpaka mwisho ukijiuliza nina nini. Naogopa kwa ajili ya mtoto. Naogopa safari ya Mwanza inayonisubiri. Na nakuogopa wewe, kwa sababu jana nilisema jambo juu yako mbele ya watu, na wewe hukuwepo ujitetee.

Ngoja kwanza nikupe habari za nyumbani, maana hukupenda mtu aanze na mabaya kabla hajasalimia.

Baba yuko Shishiyu na ng'ombe. Yule wako mwenye sikio lililochanika amezaa ndama jike, na Baba hataki mtu mwingine amkamue. Pamba tulichuma bila wewe. Kidato cha nne nimemaliza. Siku ya mtihani wa mwisho wenzangu walimwagiana maji na unga, mimi nikapita nyuma ya madarasa nikaenda nyumbani, nikakuta hakuna wa kumwambia kuwa nimemaliza. Nikawaambia kuku.

Halafu Dada Minza akajifungua. Ni msichana, na jina halikujadiliwa hata kidogo. Ni Mbuke, kama wewe. Baba akimpakata anamwamkia, "Mwangaluka, Mayu," kisha anasubiri kama atajibiwa. Mimi nimekuja kukaa na Dada hapa mjini ili nimlee mtoto wakati yeye anapika kwenye mgahawa wake pale karibu na stendi. Shemeji haonekani sana. Yuko na lori, anabeba pamba. Huyo Mbuke mdogo ndiye aliyelala humo ndani na dripu mkononi.

Lakini ili uelewe ya jana, lazima nianze na jino langu.

Unalikumbuka lile la chini upande wa kulia ambalo halikuota, pale penye chonge. Wenzake wote walitoka, pale pakabaki pengo. La upande wa kushoto lilitoka, ila likaja na madoa ya kahawia, limejikunja kama limeungua. Ulikuwa unaniambia, "Atakayekupenda hatakuhesabu meno." Ulisema vizuri, lakini hukuwepo darasani. Mimi nilijifunza kuweka kiganja mdomoni. Nikicheka, kiganja. Nikijibu swali, kiganja. Wakaniita hivyo hivyo, Kiganja, mpaka mwalimu naye akawa anasema, "Kiganja, toa mkono tukusikie." Majibu mengi niliyajua, nikanyamaza nayo.

Nilipofika Bariadi, jino lililo jirani na pengo likaanza kuniuma. Kwa nje ni jino zuri, jeupe, halina tundu hata la sindano. Lakini nikiligusa kwa ulimi linacheza, na chini yake ufizi ukatoa kipele chenye usaha. Nilisukutua maji ya chumvi. Niliweka karafuu. Dada akaniangalia asubuhi moja akasema, "Kabula, shavu lako linanenepa kuliko mwanangu. Nenda kwa daktari wa meno kabla halijapata jina."

Sikutaka. Koleo halikunitisha kama nilivyotishwa na kule kufungua mdomo mbele ya mtu nisiyemjua, tena kwenye mwanga. Lakini maumivu yalinisukuma.

Kwenye benchi nilikaa karibu na kijana wa bodaboda aliyejifunga shavu kwa kitenge. Alikuwa anatutangazia wote kuwa jino halimtishi, ameshaanguka na pikipiki akainuka akaendelea na abiria. Jina lake likaitwa, mlango ukafunguliwa, akaona sindano kwenye trei. Alisema, "Nimesahau funguo nje," akaondoka moja kwa moja na kitenge chake. Mama mmoja mnene akasema, "Mwanaume wa lami huyo. Kakimbizwa na binti mwenye glavu." Watu walicheka. Na mimi nilicheka, kiganja mdomoni, kisha nikakumbuka kuwa sasa zamu imesogea kwangu.

Daktari ni dada mrefu, mgeni wa huku, kahamishiwa kutoka Tanga. Aliniita mdogo wangu. Alinipigapiga jino kwa kichuma kidogo, akaniuliza hapa je, na hapa je, akatazama kwa kioo chake. Halafu akasema, "Kwa juu sioni kosa. Kosa liko chini, na chini mimi sina macho ya kufika. Twende tukapige picha."

Nilidhani nitaingizwa kwenye limashine lenye mfuniko. Kilikuwa chumba kidogo tu na kiti. Alinivika gauni zito la kuzuia mionzi, zito kama blanketi lililonyeshewa. Halafu akachukua kidude chembamba, ukubwa wake kama kipande cha biskuti, kimevalishwa nailoni, kina waya unaoenda mpaka kwenye kompyuta. Akakisukuma ndani ya taya, chini ya ulimi, kikanichoma mpaka machozi yakatoka. "Uma taratibu, mdogo wangu. Tulia kama unapigwa picha ya kitambulisho." Akatoka, akafunga mlango. Mayu, nilijiuliza, kama hakuna hatari, mbona yeye amekimbia na mimi nimebaki? Ukasikika mlio mfupi, kama simu inayoisha chaji. Basi. Nilikuwa bado nangoja kuumia wakati yeye ameshafungua mlango.

Nilifikiri picha itasafishwa, nitaambiwa nirudi siku nyingine. Kumbe ilikuwa imeshatoka. Ilikuwa pale kwenye skrini, kubwa kuliko sahani ya ugali. Ilikuwa taya yangu.

Nilishika ukingo wa meza. Mimi nilijua mifupa ya mtu huonekana akishakufa na kukaa sana. Sasa nimesimama kwa miguu yangu, napumua, natazama mifupa yangu mwenyewe. Nikakufikiria wewe kule chini kaburini, upande wa zizi, na nikataka kukimbia kama yule wa bodaboda.

Daktari alibonyeza kitu, picha ikasogea karibu. Akabonyeza tena, pale palipokuwa na giza pakapungua giza. Alinionyesha kwa ncha ya kalamu. Hii nyeupe ni jino. Hii inayoshuka ni mzizi wake. Mizizi mingine ilikuwa mirefu na imenyooka, na mara hiyo hiyo nikawaza mabua ya pamba tunayong'oa baada ya mavuno. Unakumbuka tulivyokuwa tunayarundika ili tuyachome? Kuna siku ulinionyesha bua moja lenye mzizi uliopinda ghafla ukaenda pembeni. Ukasema, "Huu ulikutana na jiwe." Ukautupa kwenye rundo, tukaendelea.

Mzizi wa jino langu linalouma ulikuwa hauna nusu ya chini. Uliishia njiani, umeliwa kama hindi lililogugunwa na panya. Na karibu yake, ndani ya mfupa, alikuwepo aliyeuguguna. Chonge langu. Lile tulilosema halikuota. Lipo, Mayu. Limelala ubavu chini ya ufizi, limepinda, halina umbo la jino la mtu, na miaka yote lilikuwa linasukuma kwenda mbele badala ya kwenda juu, likiusaga mzizi wa mwenzake kimya kimya. Kuzunguka hapo palikuwa na kivuli cheusi. Daktari alisema hicho ni mfupa ulioliwa na usaha.

Halafu akageuza kiti chake akanitazama usoni. Akauliza kwa sauti ya chini, "Ulipokuwa mchanga, kuna mtu alikutoa meno ya plastiki?"

Nikasema sijui.

Nilijua. Nani katika ukoo wetu asiyejua? Ni hadithi uliyoipenda kuliko zote. Ulikuwa unaisimulia tukichambua mchicha, ukiisimulia kwa wageni, ukiisimulia ukiwa umeshika kidevu changu. Kwamba nilikuwa bado sijakaa vizuri, homa ikanishika, nikahara, nikatoka mate, fizi zikavimba na kuonyesha weupe. Watu wakakuambia, hayo ni meno ya plastiki, yasipotolewa mtoto anakufa. Mvua ilikuwa inanyesha, mto umejaa, Baba yuko mnadani. Ukanifunga mgongoni, ukavuka maji yakiwa kiunoni, ukanipeleka kwa Bibi Holo, shangazi yako, na yeye akanichimba fizi za chini huku na huku kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa, akatoa viini vyeupe vilaini, akakuonyesha kiganjani. "Nililia kuliko wewe," ulikuwa unasema. Na mwishoni kabisa, ukiwa tayari umeshaamka kuendelea na kazi, unaongeza kwa haraka kwamba tukirudi tulipitia zahanati ukapewa vidonge vya homa, ukavisaga, nikavitema vyote kwenye kanga yako mpya, ikakubidi uanze upya. Hapo ndipo tulipokuwa tunacheka.

Nikapona. Na kwa sababu nilipona, kila mtoto aliyeshikwa na homa katika ukoo alipelekwa kwa Bibi Holo. Mama akisita, anaambiwa, "Mtazame Kabula." Nimekua nikitazamwa.

Daktari alinieleza kwa upole, bila kunirudishia swali lake. Alisema vile viini havikuwa plastiki wala mdudu. Yalikuwa meno ya utoto yasiyokomaa, yanayongoja wakati wake. Ukiyachimba, chini yake kuna jino la ukubwani linaloanza kujiumba, nalo linaumia, linapoteza njia. Alisema chonge langu lazima litolewe kwa upasuaji mdogo Mwanza, huku hawana vifaa vyake, na jino linalouma wataona huko kama mzizi uliobaki unaokoleka. Nikichelewa litahamia kwa linalofuata, na usaha utashuka kwenye taya. Akanipa dawa. Akaituma picha kwa daktari mwenzake wa Mwanza papo hapo, na mimi akanitumia kwenye simu. Nilitoka nje nimebeba mifupa yangu mfukoni.

Nyumbani nilimwambia Dada kuwa natakiwa Mwanza. Lile lingine sikumwambia. Ningeanzaje? Ningesema nini juu yako, mbele ya mtoto mwenye jina lako?

Basi juzi Mbuke akaanza kuhara. Jioni homa. Jana asubuhi alikuwa anatoa mate, amelegea, na Dada alipomfungua mdomo akaona fizi za chini zimevimba, zina weupe mahali pale pale. Akanionyesha, na uso wake ulikuwa umepauka kama majivu. "Si unaona? Ni yale yale yaliyotaka kukuua wewe." Alikuwa ameshampigia Bibi Holo, na Bibi alikuwa ameshapanda basi la kwanza kutoka Shishiyu.

Nikasema twende hospitali. Nilisema ndani ya kiganja. Sidhani kama alisikia.

Bibi Holo aliingia na kile kikapu chake. Nilipiga magoti nikamsalimia, akaniwekea mkono kichwani kama kawaida. Mayu, sitaki umfikirie vibaya. Ni yeye aliyekuosha siku ya kukuzika. Ni yeye aliyekaa na mimi mpaka nikaweza kula. Mikono yake haijawahi kumpiga mtoto. Aliinama kwa Mbuke akamwambia, "Mwangaluka, Mayu. Umenirudia tena na shida zako?" Dada akacheka na kulia kwa pamoja. Kisha Bibi akafungua pindo la kanga yake, na spoku ikawa pale, imefungwa kitambaa safi, ncha inang'aa.

Akasema, "Kabula, shika kichwa. Wewe ndiye unayeijua hii."

Nilikishika. Ndiyo, Mayu, nilikishika. Kilikuwa cha moto kama sufuria. Mbuke alinitazama kwa macho makavu yaliyoingia ndani, hana hata nguvu ya kulia. Nikajua nikinyamaza, mfupa wake utakuwa kama wangu. Lakini nikisema, halafu tukampeleka hospitali akafia huko bila kuchimbwa, nitakuwa nimemuua mtoto wa dada yangu kwa picha ya simu. Nilijiuliza, kama daktari amekosea? Yeye ni mgeni. Bibi ni wetu. Nilitamani uwepo useme neno moja tu. Kisha nikaogopa hasa utakachosema.

Bibi akamwingiza kidole mdomoni kutafuta mahali.

Nikasema, "Bibi, subiri."

Sauti ilitoka ndogo. "Ee?" akasema. Nilikuwa nimeshika kichwa kwa mikono yote miwili, kwa hiyo sikuwa na kiganja cha kuweka mdomoni. Nikarudia kwa nguvu. "Subiri, Bibi. Naomba usimchimbe."

Nikatoa simu, nikamwonyesha picha. Aliisogeza mbali, akaisogeza karibu. "Siku hizi simu inamwonyesha hata marehemu anacheza muziki," akasema, bila hasira, akanirudishia. Dada akapandisha sauti. "Kabula, weka simu chini! Mtoto anaungua wewe unaleta mapicha!"

Sijui nilipata wapi. Nilimshika Bibi Holo mkono, ule wa kulia, mimi ambaye huwa namsalimia nikitazama chini. Nikafungua mdomo wangu wote, mbele yao, kwenye mwanga wa mlango. Nikachukua kidole chake nikakiweka kwenye pengo langu. Nikasema, maneno yakipita pembeni ya kidole, "Bonyeza. Lipo humu."

Akabonyeza. Niliumia, lakini sikumwondoa. Alikipitisha polepole juu ya ufizi, akakuta lile donge gumu lililolala. Akarudi. Akalipitia tena kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anayepapasa ndama tumboni mwa ng'ombe. Akahamia kushoto, kwenye lile la madoa, akalipapasa nalo. Uso wake ulibadilika.

Nikamwambia kuwa daktari anasema si plastiki. Ni meno. Ni kule kuchimba kulikolipindua hili likala mzizi wa mwenzake.

Dada Minza ndiye aliyelipuka. "Kwa hiyo mama alikuwa mjinga? Mama amekufa, wewe unakuja kumwita mjinga? Aliingia majini hadi kiunoni kwa ajili yako!" Nikasema sijasema hivyo. "Umesema! Haya niambie, kama si kuchimbwa, wewe ulipona kwa nini? Sema, Kabula! Ulipona kwa nini?"

Nilisimama pale nalia mdomo wazi, damu kidogo na usaha vinatoka, sina jibu. Nilisema tu, "Mama alikosea, Dada. Alikosea." Ndilo hilo nililolisema juu yako. Sasa umelisikia kutoka kwangu.

Mbuke akatoa mlio mwembamba. Bibi Holo alikuwa bado anakitazama kile kidole chake. Akauliza, si kwangu, si kwa Dada, "Na wale wengine wote?"

Akaifunga spoku kwenye kitambaa chake, akafunga pindo. "Mpelekeni hospitali," akasema. Dada alimtii yeye, si mimi. Tukachukua bodaboda mbili, Dada na mtoto mbele, mimi na Bibi nyuma. Njia nzima alikuwa amenishika kiuno kwa nguvu kama mtu anayeogopa kuanguka, na mimi nilikuwa naomba kila lori litupishe.

Walimpima damu. Malaria, na amekaukiwa maji kwa kuhara. Daktari wa zamu alimfungua mdomo akasema fizi hizo ni meno tu yanajiandaa, hayana ugomvi na mtu. Nesi alihangaika kupata mshipa. Walimchoma huku na huku, na kila wakimchoma Dada alikuwa ananitazama. Sitasahau macho yale. Kama Mbuke angekata roho pale, sijui kama Dada angekuwa na mdogo wake tena, na mimi sijui kama ningekuwa na dada.

Leo asubuhi alinyonya. Kidogo, lakini alinyonya, na Dada akanishika mkono bila kunitazama. Saa sita homa ilipanda tena, ndiyo maana nakuambia bado naogopa. Hawajasema kuwa amepona. Wamesema tungoje.

Lakini kabla sijatoka huku nje kuna kitu kimetokea, na ndicho kilichonifanya niombe karatasi. Nesi alikuja na dawa ya malaria ya kumeza. Akasaga kidonge kwenye kijiko, akakichanganya na maji, akakimimina mdomoni mwa Mbuke. Mbuke akakunja uso wote, akatema. Yote, kwenye kanga ya Dada. Nesi akasema, "Huyu ana maringo, tuanze upya."

Na mimi nikakusikia, Mayu. Nilikusikia wazi kabisa, sauti yako ile ya haraka ya mtu anayeinuka kuendelea na kazi. *Akavitema vyote kwenye kanga yangu mpya, ikanibidi nianze upya.*

Zahanati! Miaka yote tulikuwa tunacheka hapo, na hapo ndipo nilipopona. Ulikuwa umechoka, umelowa, Bibi ameshakuambia kazi imekwisha, ungeweza kwenda moja kwa moja nyumbani ukalala. Hukwenda. Ulipita zahanati, ukasaga vidonge, nikavitema, ukasaga tena. Hukutaja hata sababu, wala hukuwahi kujisifia. Ulijisifia spoku, na ulichoniokoa nacho ukakifanya kichekesho cha mwisho.

Nilimwinamia Dada nikamwambia sikioni, bila kiganja, "Uliniuliza nilipona kwa nini. Vidonge vya zahanati. Mama ndiye aliyenipeleka." Aliishika kanga yake iliyolowa dawa. Halafu akaanza kulia jinsi ambavyo hakuwahi kukulilia. Nadhani alikuwa anangoja mtu amrudishie wewe.

Bibi Holo yuko pale bombani, anafua nepi. Tangu jana hajasema sana. Alichofanya ni kutaja majina ya watoto mmoja mmoja kwa sauti ndogo, akifua, na kila akitaja anatikisa kichwa. Nilipokwenda kumsaidia kukamua aliniambia, "Ukirudi kutoka Mwanza, uje na hiyo simu yako Shishiyu. Mimi nitawaita kina mama. Kusema utasema wewe." Spoku sijui ameiweka wapi. Sikuuliza.

Mimi, nisimame niseme mbele ya kina mama wa Shishiyu. Unaona jinsi mambo yalivyonigeukia?

Safari ya Mwanza imeshapangwa, ni mara tu Mbuke akiruhusiwa. Watanipasua ufizi, watatoboa mfupa, watalitoa lile lililolala. Naogopa ganzi isije ikaisha katikati. Naogopa kusikia sauti ya mfupa wangu. Naogopa kwa sababu wewe uliingia hospitali ukitembea, kwa presha tu, wakasema ni kitanda cha siku chache, tukarudi na mwili. Tangu siku ile kila mlango wa hospitali unanifanya nihesabu ni wangapi tumeingia. Nitakwenda hivyo hivyo nikiogopa. Wewe nawe uliuogopa ule mto, najua, ingawa sehemu hiyo hukuisimulia.

Nesi anachungulia mlangoni, ananiita kwa mkono. Hatabasamu, hajakunja uso, siwezi kumsoma. Lazima niinuke.

Kwaheri, Mayu. Nakuahidi haya, na unidai. Nitafungua mdomo Mwanza, na nitaufungua Shishiyu. Na huyu Mbuke, Mungu akimwacha nasi, akikua nitamshika kidevu nimsimulie jinsi ulivyonifunga mgongoni ukavuka maji. Sehemu ya Bibi Holo nitaipita haraka, kwa sauti ya mtu anayeinuka kwenda kazini. Pale kwenye zahanati nitakaa chini, nitamsimulia polepole.

Wabeja, Mayu. Asante, wabeja sana.

Kabula wako